Fumanizi Langu la Chanji

Jamani, nimerudi nyumbani sasa hivi na uso sina. Nimeuacha kule mtaa wa Chanji.

Wiki nzima nilikuwa sili. Jumapili mume wangu, Deo, akiwa anaoga, ujumbe uliingia kwenye simu yake. Nikachungulia (najua, najua). "Alhamisi saa kumi usichelewe. Mkeo asijue." Jina: Salome.

Salome! Kuanzia hapo kichwa changu kikawa mashine ya kusaga. Nikisonga ugali, Salome. Nikikaa kwenye cherehani, Salome. Mteja nimemshonea gauni lenye mikono miwili ya kushoto! Usingizi umepaa. Nikamchora huyo mwanamke kichwani hadi kucha zake: ndefu, nyekundu. Ana mwanya pia. Nilimchukia hasa kwa ule mwanya.

Deo mwenyewe aliniuliza, "Mama Neema, una nini siku hizi?"

"Sina kitu." (Nilikuwa na Salome.)

Leo saa tisa na nusu kavaa shati la Jumapili. "Nafika mara moja kwa fundi baiskeli." Fundi baiskeli na marashi? Nikajitanda kitenge hadi puani, nikadaka bodaboda hapa Katandala.

"Mfuate yule mwenye baiskeli. Usimpite!"

"Dada, kwa mwendo huu pikipiki itazima."

"Izime!"

Kufika Chanji, Deo akaingia kwenye nyumba yenye geti la bluu. Nikanyata hadi mlangoni. Ndani, sauti laini ya mwanamke ikataja jina langu. Yaani ananichukulia mume na kunisengenya juu! Nikasukuma mlango kwa bega.

"Salome! Jitokeze nikuone, mwizi wa waume!"

Nikatazama ndani.

Watu kama kumi na tano wamepiga magoti, rozari mikononi. Kikundi cha sala cha parokia yetu! Nusu yao wateja wangu. Deo katikati, kashika mshumaa, mdomo wazi. Mbele yao bibi mmoja, nesi mstaafu, miwani mizito kama vitako vya chupa.

"Salome ni mimi, mwanangu. Tulikuwa tunakuombea. Mumeo anasema huli, hulali, unaongea peke yako."

Nikajibu nini? "Shikamoo." (Shikamoo! Baada ya kumwita mwizi!)

"Marahaba. Kaa hapa."

Deo akaninong'oneza, "Jumapili nilikuwa najiunga tu nao kimyakimya, nikihofia utanicheka. Ulipoacha kula ndipo nikawaomba wakuombee, nikaogopa ukijua utazidi kuwaza."

Bibi akanishika mkono. "Kichwa kikianza kukutungia hadithi, muulize mtu mapema. Usikiache kimalize." Nililia kidogo, nikacheka kidogo. Kifua kikawa chepesi, kwa mara ya kwanza wiki hii.

Halafu akawageukia wenzake: "Tumwombee pia dada yetu aondokewe na wivu."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie!"

Sauti ya Deo ilizidi zote.

Wiki ijayo wanasali kwangu. Atakayecheka hapati chai.