Malalamiko Kuhusu Mkia Uliorukwa Darasani

Kwa Mwalimu Mkuu,

Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, yule anayekaa nyuma ya kabati la ramani. Si mtu wa kulalamika. Hata siku kiranja aliponikanyaga, mimi ndiye niliyeomba radhi. Lakini Jumanne nimeonewa, mtihani ni Ijumaa, na ninalitaka somo langu kabla ya hapo.

1. Mwalimu wa Bayolojia alipofika ukurasa wa mbegu ya kiume ya mamalia, alikohoa, akatazama dirishani, akasema, "Huu mtausoma wenyewe nyumbani," kisha akaingia kwenye maua. Ukurasa ule nimeungoja tangu muhula uanze! Ndani ya mkia kuna kiunzi: jozi tisa za vimirija zimevizunguka vimirija viwili vya katikati. Jozi zikiteleza moja kando ya nyingine, mkia unapinda na mbegu inaogelea. Bila kiunzi hicho haifiki popote, na wewe, Mwalimu, usingekuwa Mwalimu Mkuu. Nasema kwa heshima.

2. Nilikwenda maktaba. Katika nakala zote nne, kurasa zile zimegandishwa kwa gundi. Mtunza maktaba aliniambia, "Mwanangu, hayo yana wakati wake." Wakati wake ni Ijumaa saa mbili asubuhi. Ratiba imebandikwa mlangoni kwake.

3. Ikabidi nizibandue nyumbani kwa mvuke wa birika. Mama, ambaye ni fundi cherehani, akauliza, "Sasa ndiyo unapika kitabu?" Nikamweleza kwamba hata kichwa cha mbegu huchongwa na vimirija vinavyojipanga kwa muda, kama jukwaa la wajenzi, kisha vikabomolewa. Akasimamisha cherehani. "Kumbe! Hata kola bila kitambaa kigumu ndani haisimami." Ameelewa kwa dakika mbili, pini zikiwa mdomoni.

4. Niliuliza darasani, kwa sauti ya chini kabisa, kuhusu nyuzi za aktini, protini ambayo hujijenga kichwani mbegu inapojiandaa, halafu huachia inapolifikia yai ili njia ifunguke. Dawati la nyuma lilicheka mpaka likavunjika mguu. Sasa naitwa Daktari Mkia. Jina silikatai, ila dawati nimeambiwa nilitengeneze mimi.

5. Siku ya michezo, kikombe walipewa wakimbiaji wa kupokezana vijiti. Walikimbia mchana kweupe, uwanja tambarare, wakipewa maji kila kona. Mbegu husafiri umbali unaozidi urefu wake mara maelfu, gizani, bila kocha. Na kila mkimbiaji yule alianzia kwa mbegu moja iliyofika. Kwenye hotuba za shukrani haikutajwa.

Kwa hiyo naomba: ukurasa ufundishwe kipindi kizima kabla ya Ijumaa, kikombe kihamie maabara, mlingoti wa bendera uongezewe mwenzake, kisha yote miwili izungushiwe jozi tisa za mabomba, wapita njia waelimike, na wimbo wa shule upate ubeti wa vimirija, ambao nimeuambatisha. Aibu haina nafasi katika sayansi, Mwalimu. Anayeona haya mbele ya mkia mdogo hivi, siku akikutana na nyangumi itakuwaje?

Wasalimie walimu wote, mlinzi wa geti, na wapishi, ambao hawahusiki.

Ni mimi, mwanafunzi wako mtiifu,
Nyuma ya kabati la ramani

Nyongeza: Mwalimu wa Bayolojia ameisoma barua hii nilipokuwa natafuta bahasha. Hakukasirika. Amefurahi mno! Anasema maneno "mbegu ya kiume" humkwama kooni, hivyo kesho kipindi kizima nitafundisha mimi, nikiwa mbele, mkononi chaki, kidato cha tatu na cha nne kwa pamoja. Mwalimu Mkuu, nimetafakari upya. Maua ni somo zuri sana, na yako mambo ambayo mtu huyaelewa vizuri zaidi akiyasoma peke yake, mlango umefungwa. Naomba uichane barua hii. Na kama umeshaisoma mpaka hapa, mwandishi wake amehama shule.