Presha ya Kuazima

Jumamosi, 2 Agosti

Sabato. Tangazo kanisani baada ya mahubiri. Timu ya afya kutoka Homa Bay inakuja hapa Migori Jumanne kupima watu presha, na kutakuwa na shindano. Mtu ambaye presha yake itashuka zaidi kwa siku kumi na mbili, kwa mboga, matembezi na kupunguza chumvi, atapewa baiskeli. Mpya! Gia sita!

Werema mwenye bucha akasimama na kutangaza kwamba hakuna mtu pale mwenye presha kubwa kama yake. Akapigiwa makofi. Kwa ugonjwa! Duka langu la fotokopi limepakana na bucha yake miaka tisa, na sijawahi kupigiwa makofi kwa lolote.

Tatizo ni moja. Mimi ni mzima. Sijawahi kupimwa, lakini mtu hujijua.

Jumapili, 3 Agosti

Nimewaza siku nzima. Presha isiyopanda haiwezi kushuka. Basi ipandishwe! Ipimwe Jumanne ikiwa juu, kisha ishuke yenyewe nikiwa nimekaa kwenye kiti. Nashangaa hakuna mwingine aliyeliona hili.

Ipandishwe na nini? Jibu limetoka mezani. Liz, mtoto wa dada yangu, yuko kwetu likizo hii akijiandaa kwa mtihani wa sheria. Daktari wake wa Kisumu humwandikia vidonge vya kumsaidia akili itulie kwenye jambo moja. Mke wangu Kezia alimuuliza mbona hupimwa presha kila anapofuata dawa. Liz akasema dawa yenyewe huweza kuipandisha, ndiyo maana daktari humfuatilia.

Nilimaliza ugali bila kuomba nyongeza. Kezia akauliza kama naumwa.

Jumatatu, 4 Agosti

Majaribio. Kidonge kimoja, saa mbili asubuhi, Liz akioga. Kimoja tu, kwa ajili ya sayansi.

Kufika saa tatu, kinywa kikavu kama kadibodi. Lakini macho! Sijawahi kuliona duka langu hivi. Nimepanga picha zote za pasipoti ambazo wenyewe hawakuzifuata tangu 2016, kwa ukubwa wa paji la uso. Nimefanyia laminesheni orodha ya bei, kalenda ya mwaka jana na jani la mpera. Wateja wawili waliondoka nikiwa bado nawaeleza. Nilikuwa nawaeleza nini? Sikumbuki. Moyo unasaga kama mashine ya posho.

Dalili nzuri sana!

Jumanne, 5 Agosti

Vidonge viwili. Kahawa vikombe vinne. Nikazunguka uwanja wa kanisa mbio mara tatu, nikapanga foleni.

Werema alikuwa mbele yangu. 171 kwa 102. Aliwaonyesha watu karatasi yake kama hati ya shamba.

Zamu yangu. Sista Emmaculate, muuguzi wao, alinifunga kile kitambaa mkononi, akakijaza hewa, akatazama mashine. Akapima tena. Akabadilisha mkono. Akabadilisha mashine. 204 kwa 122!

Niligeuka kumtazama Werema. Uso wake! Nitaukumbuka hadi siku ya kufa. Sista naye alitaja kufa, kwa sauti ya chini. Akasema nisitembee, nisiongee, na niache kutabasamu. Nilijaribu kumuuliza habari ya baiskeli.

Naandika haya kwenye gari lao, tunakwenda Homa Bay, nimelazwa kiti cha nyuma. Mwandiko unaruka. Kezia amenishika mkono tangu Rongo. Mara ya mwisho kunishika mkono ilikuwa harusi ya mwanetu Oliver. Kifua kinabana kidogo. Sikuwa nimekipangia hicho.

Jumatano, 6 Agosti

Kliniki, Homa Bay. Daktari Kerosi alikuja jana jioni na kuuliza kama natumia dawa yoyote. Nikasema hapana. Akauliza kama nimekunywa chochote cha kuchangamsha mwili. Chai, nikasema. Akaandika. Akasema kwa kipimo hiki itabidi aanze na dawa kali, na apime damu, figo na moyo. Kezia akaanza kulia kimya kimya, akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Ndipo simu ikalia. Liz.

“Anko, vidonge vyangu vimepungua vitatu.”

“Panya,” nikasema.

“Panya gani anafungua kifuniko halafu anakirudisha?”

Nikapunguza sauti ya simu.

“Mwambie daktari sasa hivi. Usipomwambia, mpe anti simu nimwambie mimi.”

Nilimwambia daktari. Kezia akaachia mkono wangu. Daktari akaweka kalamu chini. Alisema alikuwa karibu kunitibu kwa kufuata uongo. Alisema Liz anafuatiliwa na daktari kila mwezi, na mimi nimemeza dawa yake kwa mwili wa miaka hamsini na tatu ambao hakuna aliyewahi kuupima. Ningeweza kufia njiani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Kezia alisema neno moja tu usiku kucha. “Baiskeli.”

Hata hivyo, moyoni nimetulia. Dawa itaisha mwilini, presha itarudi kwenye hali yangu ya kawaida, nitakwenda nyumbani.

Alhamisi, 7 Agosti

Haijarudi. 168 kwa 104!

Nilimweleza Daktari Kerosi kwa heshima kwamba mashine yake imeharibika. Akajipima yeye mwenyewe. 118 kwa 76. Akampima Kezia. 121 kwa 78, pamoja na hasira zote alizo nazo. Akasema nirudi nyumbani, nisiguse kahawa, Sista anipime tena Migori.

Chakula cha mchana: samaki mzima, ngege, ametoka ziwani asubuhi hiyo, mnono, ananitazama. Bila chembe ya chumvi. Nilimwomba mpishi kidogo tu, ya kulia lile jicho. Akasema jina langu liko ukutani, kwenye orodha ya wasiopewa chumvi.

Jumapili, 10 Agosti

166 kwa 102. Sista Emmaculate amepima mara tatu. Basi ni kweli. Nina presha, tena huenda ninayo miaka mingi, na haikunibishia hodi hata mara moja. Nimeiba presha ya mtoto wa watu, kumbe yangu ilikuwa ndani!

Nimepewa kidonge kimoja cha kila siku, cha kwangu, chenye jina langu. Kezia husimama mbele yangu mpaka nimeze, kisha ananiambia nifungue mdomo.

Shindano nimeondolewa. Nilimweleza Sista kwamba kutoka 204 hadi 166 ni mteremko ambao Werema hawezi kuufikia hata akitembea hadi Tanzania. Akasema hapana. Nikamuuliza je, nafasi ya pili? Akaita mtu mwingine.

Jumanne, 12 Agosti

Liz amekosa dawa tangu jana. Hawezi kuongezewa kabla ya Alhamisi, na mtihani ni Jumatatu. Siku tatu hizi ni zangu, nimezila mimi.

Nilimkuta mezani. Amesoma ukurasa mmoja mara tano, na mara tano umemtoka. Hakunilaumu. Alifuta macho tu na kuanza mara ya sita. Nilirudi mjini, nikafunga duka, nikaja kukaa naye. Nikamsomea sheria ya ardhi kwa sauti, yeye akizunguka banda la kuku. Akitembea, maneno yanakaa. Kurasa thelathini na moja! Sauti imenikauka.

“Anko, hapo kwa fidia, rudia,” akasema. Nikarudia. Mara nne. Jioni akaniletea chai, ya majani machache sana.

Sasa naijua sheria yote ya mipaka. Nashuku ukuta wa bucha ya Werema umeingia kwangu inchi tatu.

Jumapili, 17 Agosti

Werema ameshinda. Kutoka 171 hadi 143. Ametembea kila asubuhi hadi darajani na kurudi, na ameacha kuonja mafuta ya nyama yake mwenyewe. Makofi. Picha. Amepita mlangoni pangu mara sita akipiga kengele, na kufika buchani kwake hana haja ya kupita hapa.

Yangu ni 148 kwa 92. Hakuna aliyepiga makofi ila Kezia. Mara mbili. Niliyahesabu.

Liz amepata dawa yake, amesoma, kesho ataingia mtihani. Sasa anaifungia kwenye sanduku lenye kufuli. Ni haki yake.

Alhamisi, 21 Agosti

Mtihani wa Liz ulikwenda vizuri. Swali la fidia lilikuja! Anasema nusu ya alama ni zangu.

Sista ameagiza nitembee kila siku. Simu yangu huhesabu hatua. Jana nilimwambia Werema kwamba mtu wa baiskeli hawezi kunishinda kwa miguu. Tukaafikiana: leo, kuanzia asubuhi hadi jua kuzama, mwenye hatua chache atasimama kanisani Sabato na kumsifu mwenzake mbele ya watu wote.

Sasa, kutembea kunachosha, na mgonjwa wa presha anahitaji kupumzika. Daktari alisema hivyo. Kwa hiyo saa moja asubuhi nilimfunga simu shingoni mbuzi wa Kezia, yule asiyetulia, nikamfungulia mlango wa zizi. Nikakaa kivulini. Kazi safi!

Saa tano mbuzi hakuonekana. Saa sita nikaazima simu ya Liz na kupiga namba yangu. Alipokea mwanamume nisiyemjua, akasema yuko Masara, kwenye mashimo ya dhahabu, na anataka kujua kama mbuzi anauzwa pamoja na simu.

Kezia yuko sokoni. Atarudi saa kumi.

Lakini hatua za kutoka hapa hadi Masara! Kwa miguu minne! Werema ameisha.