Siku Nilipokaa Kwenye Kiti cha Padri

Makatekista wenzangu, leo nimeaibika. Tena kanisani. Tena mbele ya mama mkwe!

Hebu mnisikilize kabla hamjasikia kwa wengine, maana habari hii imeshafika sokoni Migori na huko wanaitia chumvi. Haihitaji chumvi.

Mnajua nina vijana wangu waliopata kipaimara, na tangu Misa iache Kilatini Padri amekuwa akituhimiza: "Watafuteni wenye kipaji cha kuongoza sala. Mimi ni mmoja, makanisa ni mengi." Nami nikamwona Auma. Ana miaka kumi na sita. Si msemaji, lakini mtoto akilia darasani wenzake humtazama Auma kwanza, sio mimi. Nikasema huyu ndiye.

Mzee Okelo, mkubwa wa baraza letu la kanisa, hakupenda. "Japuonj," akaniambia, yaani mwalimu kwa Kijaluo, "msichana awaongoze wazee? Haya, ajaribu sala za kabla ya Misa Jumapili moja. Akikwama, hayo mambo yako ya vijana yaishe." Akamaanisha. Kwa hiyo leo ilikuwa leo. Auma akikwama, darasa limekufa, na yeye atabeba aibu hiyo mpaka aolewe.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikapata wazo. (Mawazo yangu ya asubuhi, mke wangu huyaogopa.)

Mnakijua kibanda chetu cha maungamo: nguzo nne za miti, mkeka ubavuni, pazia mbele, na kiko karibu kabisa na pale anaposimama msomaji. Nikawaza, nikijificha humo, Auma akisahau nitamnong'oneza. Padri alikuwa amefika, akaacha pikipiki mlangoni, akaenda kwa miguu kumpaka mafuta mgonjwa boma la jirani. Kibanda kitupu. Nikaingia, nikavuta pazia, nikakaa kwenye kiti chake. (Nilipiga ishara ya msalaba kwanza. Mimi si mpagani.)

Nilichosahau ni miguu. Pazia letu ni fupi, na leo nilivaa vile viatu vyeusi alivyonipa Padri mwenyewe alipopata vingine. Kanisa letu lina Wajaluo na Wakuria, lakini wenye viatu vya namna ile ni wawili tu: Padri na mimi.

Auma akaanza. Sauti ilitetemeka kidogo. "Tuwaombee wagonjwa..." Watu wakaitikia, "Ee Bwana, utusikie." Mimi ndani nanong'ona kwa bidii zote: "Sasa mvua! Omba mvua!" Akaomba mvua. Nikajisifu. Nikanong'ona tena: "Sasa viongozi wa nchi!" Akawaombea viongozi. Jamani, nilijiona nyuki anayetengeneza asali.

Mara mkeka ukatikisika. Mtu amepiga magoti upande wa pili.

"Nibariki, Padri, maana nimetenda dhambi."

Sauti hiyo naijua! Mama mkwe! Alikuwa ametoka kwao Kosele jana kumwona mjukuu, akalala kwa dada yake, maana nyumbani kwangu hawezi kulala, mila hairuhusu. Na mimi, ambaye hata uji siwezi kunywa akiwa ananitazama, nimetenganishwa naye na mkeka wa matete!

Nifanye nini? Nikijibu, nimejifanya padri. Nikinyamaza, ataendelea. Nikanyamaza. Akaendelea.

"Padri, nimemkosea mkwe wangu..."

Hapo nakomea. Sikuwa padri, lakini la maungamo ni la maungamo, halitatoka kinywani mwangu. Nitasema tu kwamba dhambi hiyo ilikuwa na jina langu ndani yake, na mama huyu ana macho makali.

Nikaona heri nitoroke kwa nyuma. Nikajipenyeza kati ya nguzo. Nguzo ikakataa. Nikasukuma. Nguzo ikakubali, pamoja na wenzake. Kibanda chote kikaanguka, na mimi nikatokea katikati ya kanisa nimejifunika pazia la Padri kichwani kama bibi harusi.

"Yawa!" mama mkwe akapiga ukelele. "Ni mkwe!" Akajifunika uso kwa leso yake pale pale sakafuni.

Kanisa likalipuka kwa kicheko. Hata kina mama wa Moyo Mtakatifu! Mzee Okelo akasimama, mkono juu. "Niliwaambia! Niliwaambia mambo ya watoto..."

Nikamtazama Auma. Nikajua nimemwangusha. Nilitaka kulia, nawaambia ukweli.

Auma akainua mkono wake polepole. "Baba Okelo, mama zangu, wazee wangu. Tupige magoti."

Hakupaza sauti. Lakini walipiga magoti. Mzee Okelo alibaki amesimama peke yake, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akapiga magoti.

"Tumwombee mama huyu," Auma akasema, "aliyekuja kutubu kwa moyo safi. Asione haya mbele yetu, kwa sababu sisi sote tuna ya kusema."

"Ee Bwana, utusikie." Kicheko kikaisha kabisa.

"Na tumwombee Mwalimu wetu. Anatupenda, lakini anatuogopea sana. Umwondolee hofu."

"Ee Bwana, utusikie!" Hiyo waliitikia kwa nguvu mno, kwa maoni yangu.

Kisha akashuka, akamshika mama mkwe mkono, akamkalisha kwenye benchi na kukaa kando yake kidogo, kana kwamba hakuna anayesubiri. Nilipogeuka, Padri alikuwa mlangoni na chupa yake ya mafuta. Sijui alisimama hapo tangu lini. Macho yake yalikuwa mekundu, na sidhani ni vumbi.

Baada ya Misa Mzee Okelo alinijia. "Jumapili ijayo aongoze tena," akasema. "Wewe ukae mahali tunapokuona."

Mama mkwe alirudi kwa Padri halisi. Alikaa huko muda mrefu. Nadhani dhambi zimeongezeka.

Nikamfuata Auma nje kumwomba msamaha. "Mwanangu, niliponyamaza ghafla kule ndani, uliwezaje kuendelea?"

Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, kwani ulikuwa unasema na mimi? Mimi sikusikia kitu tangu mwanzo. Watu walikuwa wanaitikia kwa sauti."

Basi ndiyo hivyo. Kanisa zima leo lilikuwa na mtu mmoja tu aliyehitaji kunong'onezewa, naye alikuwa ndani ya kibanda. Chekeni, lakini polepole: mke wangu bado hajaniambia kama leo nitapewa chakula.