Nyumba Juu ya Lori la Mzee Ndiyo

Siku dada mtu alipomwambia Sabuni kwamba sofa linaondoka mwisho wa mwezi, Sabuni hakuuliza linakwenda kwa nani. Angeuliza, hadithi hii ingekuwa fupi sana.

Sabuni si jina alilopewa na wazazi wake. Mtaa ndio uliompa, kwa sababu kila aliyejaribu kumshika alibaki na povu mkononi. Aliwahi kuwakodisha wauza viatu kivuli cha jengo la benki, saa za asubuhi bei moja na za mchana bei nyingine. Aliwahi kumuuzia kinyozi redio inayoongea na wateja, na redio ilikuwa kweli inaongea, maana Sabuni mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia. Lakini mambo yalikuwa yamemchachia. Kwa miezi minane alikuwa analala kwenye sofa la dada yake, fundi cherehani asiye na simile, na sofa lenyewe lilikuwa na springi moja iliyochomoza. Kila alfajiri springi hiyo ilimchoma chini ya ubavu wa kushoto, mahali palepale, bila kukosea hata siku moja.

"Nataka nafasi ya cherehani ya pili," dada alisema, pini tatu zikiwa mdomoni. "Mwisho wa mwezi sofa linatoka. Likikukuta juu yake, mnatoka wote."

"Dada! Mimi si ndugu yako wa tumbo moja?"

"Ndiyo maana umekaa miezi minane. Mpangaji ningemtoa wiki ya kwanza." Akakata uzi kwa meno. "Badala ya kunilalia hapo, nenda kamwone yule nesi mstaafu na mumewe, mtaa wa nyuma. Wanataka kujenga nyumba juu ya lori, wazunguke nchi za watu. Wazee wazuri. Mali wanayo, akili hawana."

Sabuni akaketi wima. Miezi minane hakuwa ameketi wima kwa kasi ile.

Uani kwa wazee aliikuta neema ikimngoja. Lilikuwa lori la zamani la zimamoto, refu, rangi nyekundu imefifia, kichwa kizima na chesisi safi, na nyuma hakuna kitu. Chini ya kichwa ilichomoza miguu miwili yenye kandambili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," ilijibu miguu.

Huyo alikuwa Mzee Ndiyo, dereva wa basi mstaafu. Alikuwa ameishi na mke mkunga miaka arobaini na akagundua mapema kwamba neno moja tu linatosha kulinda ndoa. Mkewe, Nesi, alitoka ndani akifuta miwani kwa ncha ya khanga.

"Mama, mimi ni injinia wa nyumba za malori," Sabuni alisema, mkono kifuani. "Miaka saba nimekuwa nje." Hakusema nje ya nini. "Nilipoona lori hili nikasema, masikini, wazee wa watu watapigwa na mafundi wahuni. Bora nijitolee."

"Ujitolee?" Nesi akavaa miwani. "Bila malipo?"

"Mama, mimi ukoo wetu hatuwezi kuona mzee anahangaika."

"Mzee, umesikia? Watu wema hawajaisha."

"Ndiyo," ilisema miguu.

"Na injini inawaka?" Sabuni akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali.

"Injini inaimba, baba. Kuna bwana mmoja alikuja, mkarimu ajabu, akaifungua yote akaifunga upya. Halafu hatukumwona tena. Magurudumu haya mapya alileta bwana mwingine. Mkarimu zaidi. Huyo naye kapotea."

Sabuni akawasikitikia mabwana hao kimoyomoyo. Siku hizi kila mtu anajiita mjanja, halafu anakata tamaa katikati ya kazi! Yeye mpango wake ulikuwa umeshakamilika kichwani kabla Nesi hajamaliza sentensi. Angejenga nyumba juu ya lori. Ikikamilika, angeomba alijaribu barabarani, peke yake, kwa sababu za kitaalamu. Na hapo ndipo wazee wangeona taa za nyuma kwa mara ya mwisho. Angekuwa na nyumba yake, mlango wenye ufunguo wake, na kitanda kisicho na springi. Na hakuna dada duniani anayeweza kumfukuza mtu kwenye nyumba yenye gia sita.

Kazi hii, kwa wasioijua, haina mbao wala misumari. Unachukua paneli, na paneli ni kama mkate uliopakwa kitu katikati. Juu fibaglasi ngumu, chini fibaglasi ngumu, ndani povu zito lisilopitisha joto. Unazikata, unazipaka gundi, unazibana, na zikishikana hata shetani hazibandui. Sabuni alijifunza yote hayo kwenye simu, amelala kwenye sofa, kutoka kwa mzungu mmoja aliyeongea lugha asiyoielewa.

Paneli alizipata kwenye bohari la samaki lililofungwa, lenye chumba cha baridi ambacho hakikuwa na kazi tena. Mwenye bohari hakuwa mtu wa kudanganyika. Alitaka pikipiki ya Sabuni, na akaichukua. Ilimuuma, msidhani haikumuuma, kwa kuwa ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo. Lakini kila tapeli wa maana anajua kanuni ya chambo: kabla hujamnyang'anya mtu, mpe kitu kwanza, na kiwe kizuri, mpaka aone haya kukushuku.

"Mbona zinanuka dagaa?" Nesi aliuliza paneli ziliposhushwa.

"Hiyo ni harufu ya ubora, mama."

"Mzee, ni ya ubora."

"Ndiyo," alisema Mzee Ndiyo, akiwa ameziba pua.

Siku ya gundi ndiyo siku Sabuni aliyokuja kuikumbuka zaidi. Gundi ile ukishaichanganya inakupa nusu saa tu, baada ya hapo inakuwa jiwe. Sabuni alipaka sakafu, akapaka ukuta, Mzee akashika upande mmoja, yeye upande wa pili, na Nesi akasimama katikati akiwa na saa ya mkononi, kama alivyosimama wodini miaka thelathini.

"Sukuma!" alipiga kelele. "Pumua! Sasa sukuma tena! Usisukume kwa uso, sukuma kwa kiuno! Hivyo hivyo, linakuja, linakuja!"

Sabuni alisukuma mpaka masikio yakaziba. Kona ikaingia, ikakaa, gundi ikachungulia kwenye ufa laini kabisa. Naye, kwa furaha, akaketi kupumzika. Alipotaka kunyanyuka, suruali ilikataa.

Ilibidi Nesi alete mkasi wake wa kazi. Alikata kwa ustadi, kimyakimya, akamwinua Sabuni akiwa na tundu la ukubwa wa sahani nyuma, akamgeuza, akamtazama.

"Wa kiume," akamwambia mumewe.

"Ndiyo," alisema Mzee Ndiyo.

Kile kipande cha suruali kipo pale sakafuni mpaka leo. Walikipaka vanishi.

Ikapita wiki, ikapita ya pili. Jambo la ajabu likaanza kumtokea Sabuni, na yeye mwenyewe hakulipenda: akaanza kuifanya kazi vizuri. Alisema ni kwa sababu nyumba ni yake. Alipitisha kidole kwenye kila kiungo. Alimwaga ndoo za maji juu ya paa, akaingia ndani kutafuta tone, na alipolikosa alitabasamu peke yake kama mwendawazimu. Alitoboa madirisha mawili yenye vifuniko, akayabandika kwa gundi nyingine, ile inayokauka polepole.

"Kitanda kiwe mita moja na sentimita themanini na tano, kwa sabini," Nesi aliagiza.

"Mama, hicho kipimo cha wapi? Mtalalaje wawili?"

"Sisi tutalala juu, kwenye godoro letu. Hiki ni cha kukalia. Mto wake tumeshaupata, kuna fundi anautengeneza."

Kipimo hicho Sabuni alihisi wamewahi kukutana mahali, lakini hakukumbuka ni wapi. Akakata, akabandika.

"Na sasa niwaambie uzuri wa paneli hizi," alisema siku ya mwisho, akipiga ukuta kofi. "Mlango ukifungwa, nje ipigwe tarumbeta, ndani husikii kitu."

"Na wa ndani akipiga kelele?" Nesi akauliza.

"Hasikiki, mama. Kimya kama kaburini."

"Mzee, umesikia? Hasikiki."

"Ndiyo," alisema Mzee Ndiyo, na kwa mara ya kwanza alitabasamu.

Asubuhi ya kulijaribu lori, Sabuni, ambaye wiki nzima alikuwa analala uani kuilinda gundi yake, alitokea amenyoa, na ameficha mswaki mfukoni. Alieleza kwamba jaribio la kwanza lazima dereva awe peke yake, kwa ajili ya mizani ya uzito. Wazee walikubali bila ubishi hata kidogo.

"Ila kabla hujaenda, baba," Nesi alisema, "ingia utuangalizie kama kuna mwanga unapenya. Nishafunga vifuniko vya madirisha. Nikibana mlango, tazama kila kona."

Sabuni akaingia. Mlango ukabanwa. Giza lilikuwa totoro, giza la kazi iliyofanywa sawasawa, na moyo wake ukajaa fahari.

"Hakuna hata chembe, mama! Safi kabisa!"

Hakuna aliyemsikia, bila shaka. Kitasa kilizungushwa kutoka nje. Sakafu ikatetemeka, injini ile inayoimba ikaanza kuimba kupitia nyayo zake. Mzee anaipasha moto, Sabuni alijiambia. Kisha nyumba yote ikasogea mbele, naye akarushwa nyuma, akaangukia kitandani chali.

Kitu kikamchoma chini ya ubavu wa kushoto.

Sabuni hakupiga kelele mara moja. Alibaki amelala gizani, akapapasa kitambaa kipya, akapapasa chini yake, akaipata springi. Ndiyo yenyewe. Miezi minane ya alfajiri haisahauliki. Hapo ndipo akapiga kelele, akamtaja dada yake kwa majina ambayo mama yao asingeyapenda, akagonga kuta nne kwa ngumi na miguu, na kuta zake nzuri zikanyamaza.

Baada ya saa nzima lori likasimama. Mlango ukafunguliwa. Ilikuwa barabarani, nyasi kulia, nyasi kushoto, na Nesi amesimama chini akiwa na chupa ya maji na nusu mkate.

"Shuka, baba. Hapa magari ya kurudi mjini hayakosekani."

"Mmeninyang'anya lori langu!" Sabuni akalia.

"Lako?"

Sabuni akashuka taratibu.

"Wewe ni wa nne," Nesi akasema kwa upole, kama anayemweleza mzazi habari ya uzito wa mtoto. "Wa kwanza injini, wa pili magurudumu, wa tatu nyaya na betri. Kila mmoja alikuja kutuibia lori, na kila mmoja akatanguliza chambo chake ili tumwamini. Sisi hatuna makuu, mwanangu. Tunakula chambo tu."

"Lakini mama, huo ni utapeli!" Sabuni alisema, kwa uchungu wa kweli, machozi yakimlengalenga.

"Ndiyo," alisema Mzee Ndiyo kutoka kwenye usukani.

"Ila nikwambie," Nesi akaendelea, akimpa mkate, "yule wa injini alituachia bolti tatu zisizo na pa kwenda. Kazi yako haina kasoro. Nimezalisha watu elfu moja, sijaona kiungo kimefunga vile."

Sabuni alitaka kutukana. Alikuwa nayo tayari, matusi mazuri, mapya. Badala yake akajikuta anasema: "Dirisha la kulia msilifungue mpaka wiki iishe. Gundi yake bado mbichi."

"Mzee, umesikia?"

"Ndiyo."

Nyumba ikaondoka, ikiacha harufu ya dagaa barabarani.

Alirudi kwa dada yake jioni, miguu imevimba. Sebuleni, pale lilipokuwa sofa, palikuwa na cherehani ya pili, ya umeme, inang'aa.

"Sofa liko wapi?"

"Limesafiri," dada alijibu bila kuinua kichwa. "Nesi amenibadilishia na hii."

"Uliniuza, dada!"

"Sofa ndilo niliuza. Wewe nilikutafutia kazi." Akatoa pini mdomoni. "Na nimekutafutia nyingine. Kuna bibi mmoja karibu na kituo cha mafuta, ana trela, anataka aweke jiko ndani. Mtu mzuri. Mali anayo, akili hana."

Sabuni alivua viatu. Aliikumbuka pikipiki yake. Aliikumbuka suruali. Kisha akajilaza sakafuni kando ya cherehani, akageukia ubavu wa kushoto, ambako sasa hapakuwa na kitu cha kumchoma. Usingizi ukagoma kabisa.

Akaketi wima.

"Hilo trela," akauliza, "lina urefu gani?"