Yungiyungi la Kaburi la Mama

Jumatatu, 2 Desemba
Mvua siku nne mfululizo hapa Usoke. Tumbaku yangu imejikunyata kama imefiwa. Lakini bahati imeshuka na treni! Mama Elieth, mtaalamu wa mimea kutoka Tabora, anatafuta mwenyeji wa kumwongoza porini msimu wote wa mvua. Ameuliza nani anajua kutofautisha mayungiyungi mwitu ya aina mbili. Nikanyoosha mkono. Nilidhani ipo aina moja tu.

Jirani yangu Doto, mchunga mbuzi, naye akanyoosha. Kiherehere!

Jumanne, 3 Desemba
Mama Elieth ametueleza. Yote yana kitunguu ardhini, yote huchanua mvua zikianza. Moja husimamisha majani, na petali zake zina mstari mwekundu katikati. La pili majani hulala chini, petali hazina mstari. Analitaka hilo la pili. Nimeshika ya majani. Aliposema ya petali nilikuwa nawaza buti mpya.

Alhamisi, 5 Desemba
Nimezunguka pori tangu asubuhi. Yote yamesimama! Doto anasema ya kulala yapo bondeni. Simfuati. Bora nipotee.

Ndipo nikakumbuka kaburi la mama. Dada yangu Stela alipanda yungiyungi pale siku ya arobaini. Nalo limesimama, lakini nimechoka kutembea; nimeling'oa. Jembe limepasua kitunguu, bahati mbaya. Majani nimeyalaza kwa matofali.

Ijumaa, 6 Desemba
Yamelala vizuri ajabu! Mama Elieth akachuchumaa, akageuza ua. Mstari mwekundu. Nikasema ni vumbi la reli. Akausugua kwa kidole, haukutoka. Akanitazama kwa huruma. Afadhali angenitukana.

Mchana ameshuka bondeni na Doto. Wamerudi wanacheka. Kazi ni ya Doto.

Jumapili, 8 Desemba
Stela alipitia makaburini baada ya misa. Akaja moja kwa moja kwangu. Nilikuwa nimeandaa uongo kuhusu mbuzi wa Doto. Haukutoka.

Nilingoja kelele. Akasema tu, "Nestori, kiangazi chote nimelibebea maji."

Nikasema tutapanda jingine, yamejaa porini.

"Hilo mama alilichimba mwenyewe," akasema. "Lilikuwa mlangoni kwake. Wewe hukuwahi kuliona?"

Sikuwahi. Miaka yote hiyo!

Nimelirudisha kaburini. Kitunguu kimeshaanza kuoza, kinanuka. Nimesimama pale mpaka nikalowa. Mama angenichapa. Ningeshukuru.

Jumatano, 11 Desemba
Stela haongei nami. Huacha sahani mlangoni, huondoka. Ugali unapoa kabla sijathubutu kuufuata.

Shamimu mwenye duka anamwoza binti yake Jumamosi. Anataka uyoga wa porini kwa wageni mia mbili, ila anaogopa wenye sumu. Ameuliza kama kuna anayejua kuutofautisha.

Nikamwambia alale usingizi. Uyoga naujua tangu tumboni.