Kuku Thelathini na Ndoo ya Buluu

Jumapili, 3 Machi

Naanza shajara leo. Watu wakubwa wote huandika, na mimi sitaki mambo yangu yapotee hivihivi.

Kwa kumbukumbu: mimi ni karani wa stoo katika shamba la kuku wa mayai. Kuku elfu moja na mia mbili, wafanyakazi kumi na wanne pamoja nami. Mwaka jana nilihudhuria semina ya takwimu ya siku mbili. Nina cheti. Siku ya pili niliondoka saa ya chakula cha mchana, kwa kuwa vyeti vilikwisha kutolewa asubuhi na lililobaki lilikuwa somo moja tu, la namna ya kuchagua sampuli. Kuchagua! Nani asiyejua kuchagua? Tangu hapo kazini wananiita Profesa. Heshima haiombwi.

Hali ya shamba ni hii. Mayai yamepungua. Januari tulikuwa tunaokota trei thelathini na mbili kwa siku, sasa ishirini na saba. Mwenye shamba, ambaye sisi humwita Mama Mayai akiwa hayupo, ametangaza kwamba atakayemwonyesha sababu kabla ya Ijumaa atakuwa mkuu wa takwimu na atahamia ofisi yenye dirisha. Sababu isipopatikana, atauza kuku wote na kufunga shamba. Hilo la pili sikulisikiliza sana. Dirisha! Miaka sita nimekaa stoo, balbu moja na pumba puani.

Mpinzani wangu ni mhasibu. Tunamwita Rula, kwa sababu hata sahihi yake huipigia mstari kwa rula.

Leo alikuja shemeji, kaka wa mke wangu. Ni daktari wa mifugo. Alioga kabla ya kula, akatoka akiisifu ndoo yetu ya buluu, eti ndoo nzito namna ile siku hizi hazipatikani, mtu unaoga mpaka unasaza. Mke wangu akasema mume wake ndiye aliyemletea. Nikatabasamu. (Niliitoa stoo tarehe tano Februari. Ilikuwa ya kupimia chakula cha kuku. Kule nimeweka nyingine ya kijani, ndogo kidogo. Kuku hawajalalamika. Ndoo ni ndoo.)

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza utafiti. Mayai yakipungua, maana yake kuku wanaumwa. Semina ilisema thelathini wanatosha. Niliingia bandani na daftari, kalamu mbili na koti jeupe nililoazima kwa jirani mwenye bucha. Lilikuwa na doa moja tu.

Kuku hana ushirikiano. Kila niliyemtaka alikimbia. Saa nzima nikapata wawili, na mmoja alinichania mfuko wa koti. Ndipo akili ikafunguka. Kumbe wapo waliokaa pembeni kwa utulivu wao, wamejikunyata, macho wamefumba nusu. Wastaarabu hasa! Nikaokota kumi na tano bila kutoka jasho. Halafu kuna kile chumba kidogo cha wavu ambamo wahudumu hutenga baadhi ya kuku. Sikuuliza kwa nini. Nikapata kumi na watatu kwa mpigo.

Nikawatazama macho, pua na kinyesi kama nilivyoona shemeji akifanya. Wagonjwa ishirini na sita kati ya thelathini! Asilimia themanini na saba. Kwa shamba zima ni kuku elfu moja na arobaini. Nilipiga hesabu mara tatu na jibu halikubadilika. Roho ilinidunda kwa furaha, kisha nikakumbuka kwamba huu ni msiba, nikatoka bandani nimeinamisha kichwa.

Jumanne, 5 Machi

Nimewasilisha! Nilibandika chati tatu ukutani. Ya kwanza, kuku wagonjwa, kwa wino mwekundu. Ya pili, mayai ya kila wiki. Ya tatu haikuombwa, lakini mtu asipojisifu nani atamsifu? Inaonyesha utendaji wa stoo yangu. Zamani tulikuwa tunatumia magunia ishirini ya chakula kwa wiki, sasa kumi na saba. Na sijapunguza kipimo: ndoo kumi na mbili kwa siku, kama ilivyo siku zote. Sijui nimewezaje. Ni kipaji tu.

Mama Mayai alikaa chini. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika ya asilimia themanini na saba. Akampigia simu mfanyabiashara wa kuku waliozeeka, aje Ijumaa na lori awachukue wote.

Hilo sikulitarajia.

Rula alisimama akauliza kuku elfu moja wagonjwa mbona hawafi. Kwenye vitabu vyake mwezi mzima wamekufa wawili tu. Nikasema huo ni wivu. Akasema debe tupu haliachi kuvuma. Nikamjibu kikulacho ki nguoni mwako, nikamkazia macho ili kila mtu ajue namsema nani.

Jumatano, 6 Machi

Leo ndipo nimeona kasoro. Kuku wakiondoka, hakuna shamba. Pasipo shamba hakuna ofisi. Pasipo ofisi, dirisha la nini?

Na si dirisha tu. Mhudumu mmoja wa bandani, mama wa watoto watano, alinifuata stoo akaniuliza Jumamosi yeye aamkie wapi. Nikamwambia takwimu hazina huruma. Alinitazama tu, akaenda zake. Nimejuta kulisema.

Bahati nzuri, mwenye lori hataki kuku bila barua ya daktari wa mifugo. Na daktari wa eneo hili ni nani? Shemeji! Baada ya kazi nilimpitia kwake. Nikamwomba aseme kuku ni wagonjwa kweli, ila wanatibika, tena kwa uangalizi wa mkuu wa takwimu. Hapo kila mtu angepata chake. Alicheka, akasema kuku hawana ushemeji na mtu. Nikanywa chai yake nikaondoka.

Alhamisi, 7 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa kifupi.

Shemeji alifika shambani kwa ajili ya ile barua, akauliza kuku thelathini niliwapataje. Nikamweleza mbele ya watu, kwa fahari, na koti jeupe nimelivaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema kuku mzima hukimbia, na anayekubali kuokotwa kama kuni huyo ndiye anayeumwa. Na kile chumba cha wavu ni wodi. Yaani nimeingia wodini, nimehesabu wagonjwa, halafu nimetoka kutangaza mji mzima unaumwa. Wahudumu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Kisha akafanya yake. Wavu mrefu, watu wawili wa kuushika. Akawazungushia kuku katika sehemu tano za banda, na kila aliyeangukia ndani ya wavu akapimwa, mwenye mbio na asiye na mbio. Kuku sitini. Mgonjwa mmoja! Wengine wote wazima, ila wepesi. Alinishikisha mfupa wa kifua wa mmoja wao. Umechongoka. Akasema hawa hawaumwi, wana njaa.

Mama Mayai akauliza nani anapima chakula. Macho yote kwangu. Nikaapa kwamba ni ndoo kumi na mbili kila siku, sijaiba hata punje, daftari lipo. Na ni kweli tupu!

Rula akabandua chati zangu mbili, ya mayai na ya magunia. Kazi ya mikono yangu. Akaingia ofisi yenye dirisha, sote tukamfuata, akazipandanisha kwenye kioo. Jua likapenya. Mstari wa mayai na mstari wa chakula ikakaa pamoja, ikaanguka pamoja, wiki moja, ile iliyoanza tarehe tano Februari. Halafu akaweka rula yake chini ya tarehe. Haikuhitajika. Ilikuwa dharau.

Akauliza kwa upole wa kuudhi kama ndoo bado ni ileile. Nikasema ndoo ni ndoo. Hapo mlinzi, mzee ambaye kwa miaka minane hajawahi kufungua kinywa mkutanoni, akasema zamani kulikuwa na ya buluu.

Shemeji akanigeukia. Polepole. Akauliza kama ni ile ya lita ishirini, nzito, mshikio wake umefungwa kamba. Mlinzi akasema ndiyo hiyo. Shemeji akawaambia Jumapili aliiogea kwangu.

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ilikuwa sakafu ya saruji. Rula akasema kikulacho ki nguoni mwako, akinikazia macho. Methali yangu mwenyewe!

Ijumaa, 8 Machi

Lori lilikuja. Mama Mayai akalirudisha tupu, akamlipa mwenye lori mafuta yake. Yule mama wa watoto watano alipiga vigelegele, na mimi moyo ulinitulia, nakiri. Nilitaka kupiga makofi, nikaona watu wananitazama, nikajikuna.

Nilikuwa nimeshaileta ndoo ya buluu asubuhi. Mke wangu aliitoa kwa shida. Alisema nisirudi nyumbani bila ndoo, hajali ni ya rangi gani.

Hukumu ikatoka mchana. Dirisha amepewa Rula. Stoo nimenyang'anywa. Nikibaki, nitaokota mayai. Na kubaki kwenyewe Mama Mayai amekataa kuamua. Amesema waliokaribia kukosa kazi kwa sababu yangu ni wenzangu, basi waamue wao. Niwaulize wote kumi na watatu, ndiyo au hapana, nimpelekee matokeo Jumatatu.

Amenipa kazi ya takwimu! Sidhani kama ameliona hilo.

Jumamosi, 9 Machi

Utafiti wa maoni. Daftari jipya. Koti limerudi kwa wenyewe.

Nilianza na wahudumu wa bandani. Waliponiona wakakumbuka wana kazi upande wa pili. Nikaenda upande wa pili, wakawa wamekumbuka kazi upande wa kwanza. Rula alijifungia ofisini; nikagonga, akatorokea dirishani. Mama wa watoto watano nilimkaribia sana, karibu na matangi ya maji, lakini ana miguu yule.

Nikatulia, nikatumia elimu. Mlinzi ana goti bovu, hivyo nikamkuta kitini. Nikamuuliza anataka nibaki au niondoke. Akauliza kama nikibaki nitakuwa namletea chai. Nikasema ndiyo. Akasema ndiyo. Dereva alikuwa chini ya gari, imebaki miguu tu nje. Nikaishika. Akasema ndiyo, ndiyo, niachie miguu. Mpishi alikuwa amebeba sufuria la uji wa moto kwa mikono miwili, mlango uko nyuma yangu. Akasema ndiyo, pisha.

Watatu kati ya watatu.

Jioni nikakumbuka agizo la mke wangu. Karibu na matangi kuna ndoo mbili za njano za maji ya kuku. Mbili! Kuku hawanywi kwa ndoo mbili kwa wakati mmoja. Nikachukua moja.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu amefurahi. Anasema ya njano inang'aa kuliko ile ya buluu. Shemeji alikuja kula. Aliiona bafuni, akaiinua, akaigeuza chini juu, akakitazama kitako chake kwa muda mrefu. Ameondoka bila kuoga. Wivu upo hata katika familia.

Nimechora chati ya kesho kwa wino wa kijani, duara moja kubwa, lote limejaa. Asilimia mia moja ya waliohojiwa wanataka nibaki. Katika semina nzima sikuwahi kuona matokeo safi hivi. Nadhani Mama Mayai atalazimika kunirudishia stoo, na lile dirisha tutalizungumza taratibu.

Wale kumi wengine sikuwaweka kwenye hesabu. Wana mbio sana.