Tarumbeta na Fizi Zangu

Jumatatu, 3 Machi
Damu kwenye mdomo wa tarumbeta! Si nyingi, lakini kiongozi wa bendi haoni haya. Ameifuta kwa kitambaa, akawaonyesha wenzangu wote. Jino langu la mbele, la juu, nalo linacheza. Hilo hajui. Amesema niende kwa daktari wa meno, Ijumaa atanikagua mwenyewe, ndipo aamue nani atakalia kiti cha kwanza kwenye harusi ya Jumapili. Miaka tisa kiti hicho ni changu! Mashavu, mpiga tarumbeta wa pili, amenipa pole. Pole ya mnafiki. Nimezunguka sebuleni mpaka mke wangu akauliza kama napima zulia.

Jumanne, 4 Machi
Kwa daktari. Mama mpole, mikono midogo, maneno makali. Alinitafunisha kidonge cha rangi, akanipa kioo. Mtume! Meno yote zambarau. Alisema rangi hushika uchafu tu, jino safi halishiki. Sikumsikiliza sana, nilikuwa najitazama. Ati kuna ugaga mgumu umejificha chini ya fizi, ndio unaozitoa damu, na ukiachwa utakula mpaka mfupa unaoshikilia jino. Jino langu bado laweza kuokolewa. Leo amesafisha meno ya chini. Amekwangua saa nzima kama anasugua sufuria iliyoungua. Alhamisi nirudi kwa ya juu. Amenipa uzi wa meno, na vidonge viwili vya rangi nijikague nyumbani.

Jumatano, 5 Machi
Nimeibiwa! Meno ya chini yana mianya. Ulimi unaingia na kutoka utakavyo. Kumbe ugaga ule ndio uliokuwa saruji yangu! Mke wangu anasema mianya ilikuwepo siku zote, ila ilijaa uchafu. Hajui kitu. Alhamisi siendi. Mswaki nao nimeuacha: nikisugua damu inatoka, nisiposugua haitoki. Mke wangu amesema sikio la kufa halisikii dawa. Nimemwambia hapa tunazungumzia jino.

Alhamisi, 6 Machi
Siwezi kukaa, siwezi kusimama. Halafu, wazo! Vidonge vile vinafanana na peremende. Mashavu akitafuna kimoja kabla ya mazoezi, meno yakawa zambarau kama yangu, nani atamweka mbele ya bibi harusi? Nimevifunga vyote viwili kwenye karatasi za peremende. Daktari amepiga simu mara mbili kuuliza niko wapi. Sikupokea. Nilikuwa kazini.

Ijumaa, 7 Machi
Nilimkaribisha Mashavu kwa tabasamu. Akafungua karatasi, akauliza mbona mimi sili. Nikasema nimeshiba. Akasema hawezi kula peke yake na mimi nimekaa mkavu. Kiongozi anatutazama. Ningefanyaje? Nikatafuna cha pili.

Mara kiongozi akaja kukagua fizi. Nikafungua mdomo. Mpiga ngoma akacheka mpaka akashika ukuta. Nikapiga kelele kwamba Mashavu naye ni hivyo hivyo, afungue! Akafungua. Ulimi zambarau, ndiyo. Meno meupe pe! Doa moja tu, gego la mwisho. Kiongozi akamuuliza anafanyaje.

"Mdomo ndio jembe langu," akasema taratibu. "Kila baada ya miezi sita naenda kusafishwa."

Kiti amepewa yeye. Nimelia chooni. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumapili, 9 Machi
Harusi. Nimekaa nyuma. Kwenye sauti ya juu kabisa jino likasogea, tarumbeta ikalia kama mbuzi. Bwana harusi aligeuka. Mke wangu hakucheka, na hilo ndilo lililoniogopesha. Tulipofika nyumbani amenishika mkono.

"Baba watoto, jino bado lipo. Daktari anakungoja kesho saa tatu. Nenda."

Nimemwambia nitafikiri. Nimefikiri. Ngoma kubwa haipigwi kwa meno! Mpiga ngoma wetu analalamika mgongo siku nyingi, maskini. Kesho saa tatu kamili nampelekea dawa ya kuchua. Nimeichanganya mwenyewe.